Jua Halipigiwi Kura

Alhamisi, 15 Juni

Kumi na mmoja kwa mmoja. Kumi na mmoja! Huyo mmoja ni mimi.

Kikao chetu sisi wafuasi wa dini ya kale wa kilima cha Bērzkalns kimefanyika jikoni kwangu. Kwenye meza niliyoichonga mwenyewe. Wakila jibini la mke wangu. Na humo humo jikoni kwangu wamenipindua.

Wameamua moto wa kilele cha jua uwashwe Ijumaa tarehe ishirini na tatu, kama unavyowashwa na kila mlevi wa Latvia. Nikasimama. Nikawaeleza kwa upole (Velta anasema nilikuwa napiga meza) kwamba mwaka huu Mama Jua anafika kileleni Jumatano tarehe ishirini na moja, saa kumi na mbili kasoro dakika mbili jioni. Si kabla, si baada. Anasimama hapo, anatutazama, halafu anaanza kushuka kuelekea theluji. Ndiyo maana tunawasha moto! Kumshukuru, kumtia nguvu kwa safari, kumwambia tunamngoja. Ukiwasha siku mbili baadaye ni sawa na kumpungia mkono mgeni ambaye basi lake limeshaondoka.

Jirani yangu Skaidrīte, mfuga nyuki, mjane, mwenye sauti kama honi ya lori, akasema Jumatano watu wana kazi. Akasema bibi zetu walisherehekea tarehe ishirini na tatu na jua halikulalamika hata mara moja. Nikamwambia jua halipigiwi kura.

"Kwani wewe Zigurds," akasema, "jua limekuajiri?"

Walicheka mpaka mbwa akaamka. Mzee Osvalds, mpiga kodiani wetu, ambaye ni kiziwi, alicheka kuliko wote.

Kisha likaja la pili: nani awashe? Miaka kumi na minne nimewasha mimi. Wamemchagua Skaidrīte. Na Velta akanyanyua mkono! Mke wangu wa miaka thelathini na minne! Mkono wenyewe ulikuwa bado na punje ya kisibiti, kiungo cha jibini, kwenye kucha.

Walipoondoka nikamwuliza kwa nini. Akasema hotuba zangu ni ndefu na mbu wanatafuna miguu ya watu.

Sijalala.

Ijumaa, 16 Juni

Nimeamua. Nitawasha moto wangu mwenyewe, siku ya kweli, uwanjani kwangu nyuma ya nyumba. Wakiuona kutoka vijijini mwao watajua haki iko wapi.

Velta hakubishana. Alikuwa anakamua maziwa ya jibini kwenye kitambaa. Akasema tu kwamba Ilva anafika tarehe ishirini na mbili.

Nilikuwa sijasahau. Nilikuwa sijaunganisha hayo mambo mawili, basi.

Ilva ni binti yetu. Anafanya kazi Ayalandi, kwenye kiwanda cha kupanda uyoga, na hajarudi nyumbani miaka minne. Tuligombana siku aliyoondoka. Sikumbuki kuhusu nini. (Nakumbuka. Nilimwambia anayekwenda kupanda uyoga wa watu gizani ameliacha jua lake.) Alipokuwa mdogo nilimbeba mabegani kila mwaka kupanda kilimani, na alikuwa akipiga kelele moto uliposhika. Nataka auone tena ukishika mkononi mwangu. Si mkononi mwa Skaidrīte!

Ikiwa atafika tarehe ishirini na mbili, basi moto wangu atakuta majivu. Nikiungoja mpaka afike, nimekubali tarehe yao.

Lazima abadilishe tiketi. Nina mpango.

Jumamosi, 17 Juni

Mpango umekufa ndani ya dakika mbili.

Nilimpigia Ilva nikamwambia mama yake hajisikii vizuri, labda aje mapema kidogo, kama tarehe ishirini hivi. Sikusema anaumwa nini. Nilikohoa kidogo ili kuongeza uzito, kisha nikakumbuka kwamba mgonjwa si mimi.

Ilva alimpigia mama yake hapo hapo. Ningejuaje kwamba Velta ana simu mfukoni akiwa kwenye shamba la viazi? Miaka yote simu huiacha juu ya friji! Nilimwona kupitia dirisha akisikiliza, akinyooka, akigeuka kuitazama nyumba. Aliingia na jembe. Hakulitumia. Alilisimamisha tu katikati yetu.

Akanipa simu. Ilva alikuwa bado yupo upande wa pili.

"Baba, ungesema tu unataka nije mapema."

Nikamwuliza, ningesema, angekuja?

"Sijui," akasema. "Hujawahi kusema."

Mtoto wa kunijibu hivyo! Nikakasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Nikamwambia jua halingoji ndege ya mtu. Akasema haya, Baba, tutaonana tarehe ishirini na mbili, akakata yeye kabla sijakata mimi. Hata hilo amenipokonya.

Velta ameiweka supu mezani kwa kishindo.

Jumapili, 18 Juni

Leo nimetenda haki.

Juu ya kilima chetu husimamishwa mti mrefu, na kileleni pake huning'inizwa pipa la lami linalowaka usiku kucha. Mwanga wake unapofika shambani, shamba hilo limebarikiwa mwaka mzima. Pipa hilo nililitengeneza mimi. Pete za chuma nilizigonga mimi. Kwa hiyo, kulichukua kutoka ghala la kikundi saa kumi na moja alfajiri, kwa toroli, nikiwa nimelifunika turubai, si wizi. Ni kumrudishia mtu kitu chake.

Zito sana! Limejaa lami tayari. Toroli lilinishinda kwenye mteremko, likanikokota mimi. Nimechanika suruali. Nimelificha kwenye nyumba yetu ya mvuke, ile ya magogo tunamooga kila Jumamosi, nyuma ya benchi, kwa kuwa humo hakuna anayeingia kabla ya Jumamosi.

Waone sasa watabariki mashamba kwa kitu gani. Kwa njiti ya kiberiti?

Jumatatu, 19 Juni

Skaidrīte amekuja. Ameuliza kama nimeliona pipa. Nikasema pipa gani. Akasema pipa la lami, Zigurds, lenye ukubwa wa ndama. Nikasema siku hizi kuna wezi wengi wa vyuma.

Alinitazama muda mrefu. Aliitazama suruali yangu iliyochanika. Aliutazama mstari wa gurudumu uliokuwa kwenye vumbi, kutoka getini mpaka mlango wa nyumba ya mvuke. Hakusema kitu. Hilo ndilo linalonichoma! Mtu mwenye heshima angeropoka, tungegombana, tungemaliza. Yeye akaacha chupa ya asali mezani, akasema ni ya kwanza ya mwaka huu, ya maua ya porini, akaondoka.

Nimemwambia Velta sitaigusa asali ile.

Baadaye: nimeigusa. Ni nzuri. Imenikera kupita maelezo.

Jumanne, 20 Juni

Nimewaandikia barua wote kumi na mmoja kuwaalika kwenye moto wa kweli kesho. Nimeziwasilisha kwa baiskeli, kilomita ishirini na sita, upepo usoni kwenda na kurudi, jambo ambalo hata walimu wa fizikia hawawezi kulieleza.

Majibu: wanane wana kazi. Velta (nilimwekea yake kando ya sahani) amesema atakuwepo kwa sababu anaishi hapa. Skaidrīte hakuwepo nyumbani, nikaisukumiza chini ya mlango na kukimbia. Osvalds, bila kuifungua barua, amekubali kwa furaha kubwa, akanishika mikono yote miwili, akasema kodiani yake kweli inahitaji kutengenezwa na anashukuru nimejitolea.

Nimerudi na kodiani.

Alhamisi, 22 Juni

Jana sikuandika. Sasa naandika, na nitaandika kama ilivyokuwa.

Mvua ilianza saa nane mchana. Bila shaka! Siku kumi za ukame, na siku ya Mama Jua mwenyewe mbingu zinafunguka. Saa kumi na mbili kasoro dakika mbili nilisimama uwanjani kwa mabuti ya mpira, shada la majani ya mwaloni kichwani, maji yakinitiririka shingoni, nikainua mikono kuelekea mahali ambapo jua lingekuwa. Nilimwimbia peke yangu. Velta alikuwa dirishani. Sauti ilikatika kwenye ubeti wa pili.

Kuni zimelowa. Njiti kumi na saba. Hakuna. Jua letu la Juni huzama saa nne usiku na zaidi, na moto lazima ushike kabla halijazama, ili mwanga usikatike hata kidogo kati ya jua na moto. Hiyo ndiyo maana yote ya jambo hili! Saa tatu na nusu bado nilikuwa napuliza moshi.

Ndipo nikahamisha kuni chini ya ukingo wa paa la nyumba ya mvuke, pakavu. Ndipo nikachota lami kidogo kwenye pipa. Kidogo tu. Nikaacha mlango wazi.

Ukashika! Ulishika kwa mvumo, ukapanda, mwekundu, mzuri, nikapiga kelele kama mtoto. Nilirudi nyuma ili niuone wote. Nikaanza hotuba. Nilikuwa ukurasa wa pili nilipogundua kwamba moto una umbo la mlango.

Skaidrīte alikuja akipita kwenye nyasi, ameshika shada la maua kichwani lisipeperuke. Aliuona kutoka kwake. Alikuwa anatabasamu. Akasema kwa sauti ile ya honi, "Jirani, nimeisoma barua yako. Nimekuja kukubali. Huu ni moto mzuri kuliko wote niliou—"

Kisha akauona vizuri.

"We mpumbavu, hiyo ni nyumba!"

Alikimbia kuliko mimi. Alileta pampu yake ya kisimani na mpira wa maji, Velta akaleta ndoo, mimi nikaleta ngazi, sijui ya nini. Pipa lililipuka ndani. Paa lilianguka kama mtu anayekaa kitako. Skaidrīte aliingia, kabisa, mpaka kwenye chumba cha kwanza, nikamfokea atoke, akatoka na kata ya mbao ya kuchotea maji, ile aliyoichonga mama yangu, na mkono wake wa kulia umeungua.

Mama yangu alinizaa humo. Februari, barabara imezibwa na theluji, hakuna gari la kufika hospitali. Humo humo tulimwosha alipofariki.

Zimebaki kuta mbili nyeusi.

Tulikaa kwenye nyasi zilizolowa sote watatu. Skaidrīte alikuwa ametia mkono kwenye ndoo. Akasema taratibu kwamba wazee wetu waliupa moto kitu cha zamani ili jua lipate nguvu ya kurudi, na labda nami nimetoa.

Sikutoa! Nimenyang'anywa! Nilimwambia hivyo kwa sauti. Nilimwambia kama asingeitisha kura ya kipuuzi haya yasingetokea. Velta akasema, "Zigurds, nyamaza." Nikanyamaza. Sijui kwa nini machozi yalikuwa yakinitoka. Moshi wa lami ni mbaya sana kwa macho.

Ilva amefika leo mchana. Nilikuwa nimejiandaa kusimama getini kwa heshima. Badala yake amenikuta nimepiga magoti kwenye majivu nikitafuta bawaba za mlango. Alisimama. Amekata nywele. Amekonda. Aliuliza Baba, umefanya nini? Nikasema nimewasha moto.

Akaweka begi chini, akakunja mikono ya shati lake, akaanza kutafuta bawaba pamoja nami. Tulipekua majivu kwa saa nzima. Tumepata mbili.

Jumamosi, 24 Juni

Sijalala tangu jana asubuhi, kama inavyopaswa. Anayelala usiku ule husinzia mwaka mzima.

Jana asubuhi Skaidrīte alikuja na bendeji mpaka kwenye kiwiko na trekta nyuma yake. Amekuja kuomba magogo ya kuta zangu. Yale meusi! Anataka yawe kuni za moto wa kilimani kwa kuwa pipa halipo, na hakumtazama mtu yeyote aliposema pipa halipo. Nikamwambia atayapata nikiwa nimekufa. Akasema Velta ameshakubali. Trekta lilikuwa limeshapakia nusu.

Halafu akasema hawezi kushika mwenge kwa mkono ule. Akasema niwashe mimi.

Nilitaka kukataa. Nilikuwa na maneno tayari, makali sana. Nikasema nitafikiria, nikaenda ndani kuongeza kurasa kwenye hotuba. Ilifika tisa.

Watu walikuwa wengi, wenzetu kumi na mmoja na nusu ya wilaya, na bia ya shayiri, na jibini, na mashada. Osvalds hana kodiani kwa sababu iko kwangu vipande vipande. Alipiga makofi tu. Jua lilikuwa limebaki kidole kimoja juu ya msitu. Nikashika mwenge. Nikakohoa. Nikaanza kwa sayansi ya mzunguko wa dunia, ili wasiojua wajue. Nikaingia historia. Ukurasa wa sita ni kuhusu usaliti, na nilikuwa nimefika penye "wapo waliokula jibini langu," huku nikiwatazama mmoja mmoja, nikaona wote wanatazama nyuma yangu. Jua lilikuwa nusu sahani. Kisha likawa kama ukucha.

"Baba, linakwenda!"

Ilva akaninyang'anya mwenge. Akauchomeka chini ya magogo. Ukashika wakati ule ule kipande cha mwisho kinatumbukia.

Mbele ya watu wote! Hotuba ikiwa na kurasa tatu bado! Nilifungua mdomo nimfokee, na hapo harufu ikanifikia. Magogo yale yamekunywa mvuke na majani na sabuni ya miaka themanini, na moto uliyatoa yote kwa mara moja, na ilikuwa kama mtu amefungua mlango Jumamosi jioni, mama yupo ndani anamwaga maji juu ya mawe. Nilibaki mdomo wazi. Velta akaanza kuimba, ule wimbo wa kumwita jua arudi, na watu wakaitikia līgo, līgo, na kutoka vilima vya mbali vikaonekana vimoto vingine, kimoja, vitatu, kumi, kila kimoja kikilishika jua kwa zamu yake lisianguke. Watu walitupa mashada ya mwaka jana motoni, na shida za mwaka jana ndani yake. Mimi nilitupa ukurasa wa sita. Ule mmoja tu.

Alfajiri saa kumi na nusu nilikuwa bondeni na Ilva, tunanawa uso kwa umande. Jua lilitoka likitetemeka, linacheza, kama linavyocheza asubuhi hii peke yake. Ilva alikuwa na majivu kwenye nyusi. Akasema kule kiwandani hakuna madirisha, na miaka yote minne, kila tarehe hii, alikuwa akitoka nje wakati wa mapumziko kulitazama. Hakuwahi kutuambia.

Kisha akasema, "Nikiombwa, naweza kuja tena majira ya baridi."

Nimwombe! Neno moja tu. Nilikuwa nalo mdomoni. Nikafungua mdomo na kumwambia kwamba hata sikukuu ya jua ya majira ya baridi kikundi kinaifanya siku isiyo yake, wanachelewa siku tatu nzima, ni aibu.

Alinitazama. Akacheka, lakini si sana. Akajipangusa uso kwa mkono wa shati, akapanda kurudi kwa mama yake.

Nimekasirika sana. Sijui na nani.

Jumapili, 25 Juni

Mambo makubwa. Kikundi chote kinakuja kesho kunijengea nyumba mpya ya mvuke. Magogo yametoka kwa mmoja, mawe kwa mwingine, bati kwa mwingine. Ilva amebadilisha tiketi, anabaki siku tano zaidi kusaidia. Bila kuombwa. Bila shaka amevutiwa na hotuba.

Ningeweza kusema nimefurahi. Lakini nani kajifanya msimamizi? Skaidrīte! Kwa mkono mmoja! Jioni hii amekuja na uzi na vigingi akapima msingi kwenye uwanja wangu, akipiga kelele hapa, hapana, hapo, na Velta akimshikia uzi. Kisha akatangaza kwamba mlango utaelekea mashariki, ili mtu akitoka kwenye mvuke alipokee jua usoni.

Ni sahihi kabisa. Ni sahihi kidini, ni sahihi kwa upepo, na hata moshi utakwenda upande unaofaa. Ningelisema mimi mwenyewe. Nilikuwa karibu kulisema! Kalisema yeye.

Kwa hiyo mlango utaelekea magharibi. Nimekaa mezani tangu saa moja nikitafuta sababu. Ninazo tatu. Mbili ni za uongo na ya tatu inahitaji ziwa, ambalo hatuna.

Haidhuru. Vigingi ni vinne tu, na wajenzi wanafika saa mbili asubuhi. Jua linatoka saa kumi na nusu. Velta ameniuliza mbona nalala na viatu. Nikamwambia miguu inaona baridi. Nyundo iko chini ya mto.